Nani Analitia Maji Tembo Langu

Jumatatu, 4 Juni 1951

Kata ya tembo ya asubuhi nimekunywa. Maji tena. Siku ya tisa hii. Naandika ili pawe na ushahidi. Watu husahau, karatasi haisahau. Na mwandiko wangu ni mzuri, mwalimu wa dini alisema mwenyewe.

Tembo la mnazi likiwa tembo kweli ni jeupe, lina baridi ya alfajiri, linauma ncha ya ulimi halafu linaacha utamu nyuma. Kwa senti chache tu. Mzungu wa bomani analetewa chupa yake kwa meli, anaifungua kwa chuma, na bado anakunja uso. Sisi hapa Mchinga tulikuwa tunakunywa kifalme. Sasa tunakunywa kisima.

Mgema ni mkwe wangu Lukasi, mume wa binti yangu Rosa. Kijana wa Milola. Kwao wana mihogo, minazi hawana. Kufunga karara, lile ua la mnazi kabla halijapasuka, nilimfundisha mimi. Kukata ncha yake kwa kotama, kisu cha mgema, mimi. Kutundika kibuyu, mimi. Miaka minne sijamsifu hata siku moja, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sikumsifu, na bado anatia.

Jumanne, 5 Juni

Mchuzi wa samaki changu hauna chumvi. Mke wangu anasema ipo. Nasema haipo. Akaongeza, akanitazama vibaya. Chumvi ya siku hizi dhaifu. Ya wakati wa Mjerumani punje tatu zilitosha chungu kizima.

Mkwe haambiwi neno baya usoni. Ndiyo adabu yetu. Unamwambia mkeo, mkeo anamwambia binti, binti anamwambia mumewe. Nimepeleka neno: tembo limekuwa jepesi.

Jumatano, 6 Juni

Jibu limerudi kwa njia ileile. Lukasi anauliza, jepesi vipi?

Jepesi vipi! Ananiuliza mimi! Minazi arobaini nilikuwa namaliza kabla watu hawajanawa uso. Ukinifunga macho nakwambia hili la mnazi wa kisimani, hili la mnazi wa makaburini. Goti la kushoto ndilo lililoniteremsha. Mtu hakuniteremsha.

Nimepeleka neno la pili: anatia maji.

Alhamisi, 7 Juni

Maji.

Ijumaa, 8 Juni

Rosa hakuja kuniamkia. Ana mimba ya miezi sita, mjukuu wangu wa kwanza, na kila asubuhi huja mlangoni na shikamoo yake. Leo kimya. Mke wangu anasema neno langu lilitoka hapa "anatia maji", likafika kule "mwizi". Mimi sikusema mwizi. Lakini kutia maji ni nini?

Nimekasirika. Sijalala vizuri.

Jumamosi, 9 Juni

Leo nimeharibu. Naandika kama ilivyokuwa.

Jioni kilabuni watu wengi. Lukasi alikuwa amekwisha panda, ametundika vibuyu vya usiku, akaja na mtungi wa mchana. Nikanywa kata yangu. Maji matupu. Nikasimama. Nikasema mbele ya watu wote, mkwe wangu analitia maji tembo. Usoni kwake. Sikutumia njia.

Lukasi alitazama chini. Mtani wangu Nampunju, Mmwera yule asiyekosa neno, akainuka. "Mmakonde wewe, ulimi wako au wa kuazima? Njoo tukupime."

Wakanigeuza ukutani. Wakatengeneza kata tatu. Mbili safi kutoka mtungini, moja nusu maji ya kisima. Nionje, nitaje ya maji. Nikacheka. Mtoto anaweza. Nikaonja. Nikaonja tena. Nikainua ya katikati, nikaapa hii ndiyo tembo, hii ndiyo ninayoijua tangu ujana.

Ilikuwa ndiyo ya maji.

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Nampunju akasema, "Jamani, mzee kazeeka hadi mdomoni! Mpeni ndoo ya kisima, alewe." Nikasema wamenichezea, wamebadilisha kata. Hakuna aliyenisikiliza.

Lukasi hakucheka. Alichomoa kotama kiunoni, akaenda nayo hadi nyumbani kwangu, akaiweka kizingitini. Akamwambia mke wangu, "Mama, mwenye minazi apande mwenyewe." Akaondoka.

Jumapili, 10 Juni

Watu wote wako misani. Mimi nimesema goti linauma. Sikudanganya sana.

Vibuyu vya jana jioni bado viko juu. Hakuna aliyevishusha, hakuna aliyevigusa. Nikawaza, hapa ndipo ukweli ulipo. Nikachukua ngazi ya kanisa, ile ya kupakia chokaa. Mimi, mgema wa minazi arobaini, kwenye ngazi! Nikaiegemeza kwenye mnazi mfupi wa nyuma ya jiko. Goti likalia. Nikafika.

Kibuyu kimejaa. Povu limetoka mdomoni. Ndani nyuki wanne, wamelewa, wawili wamekufa. Nikaweka sikio. Kinachemka taratibu, kama mtu anayenong'ona. Nikanywa palepale juu.

Maji.

Nilikaa kwenye ngazi muda mrefu. Nyuki hafuati maji ya kisima juu ya mnazi.

Nikashuka, nikaingia jikoni. Nikatia chumvi kiganjani, nikalamba. Mchanga. Nikalamba sukari. Mchanga. Nikatafuna pilipili. Ilichoma, lakini ladha yake haikuwamo.

Jumatatu, 11 Juni

Nimemwambia mke wangu. Nilidhani atashangaa. Akasema, "Baba Rosa, mimi tangu Pasaka natia chumvi mara mbili kwa ajili yako. Nakula hivyohivyo, halafu usiku kucha nakunywa maji." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ungekubali?"

Nisingekubali.

Lukasi anafunga mizigo. Kesho kutwa kuna lori la Lindi, na Lindi watapata la Milola. Rosa anakwenda na mumewe, na mimba yake. Mjukuu atazaliwa kwenye mihogo. Mke wangu analia jikoni bila sauti. Minazi isipokatwa siku tatu karara hukauka. Lakini nimegundua sifikirii karara.

Jumanne, 12 Juni

Nilitaka kupeleka neno kwa njia. Nikaona njia hii hubadilisha maneno. Nikaichukua kotama, nikaenda mwenyewe.

Lukasi alikuwa anakaza kamba kwenye mkeka. Aliponiona akasimama, akasema shikamoo, baba. Hata leo. Nikajibu marahaba. Halafu nikatafuta maneno ya kuomba radhi. Nimezoea kujisifu, hayo maneno mengine sina.

Nikamwambia, ulimi wangu umekufa. Ladha ya tembo siisikii, ya chumvi siisikii, ya kitu chochote siisikii. Nikamwambia habari ya ngazi na nyuki. Nikasema, nyuki wamelisifu tembo lako, na mimi nalisifu. Ni zuri. Umenishinda.

Hilo la mwisho lilikuwa gumu. Nimeliandika hapa ili nisilikane.

Nikamnyooshea kotama. Akaipokea kwa mikono miwili. Akasema tu, "Ile ngazi, baba, usirudie." Ndani nikamsikia Rosa anacheka, au analia. Sikuingia kutazama.

Lori limeondoka bila wao? Bado, ni kesho. Lakini mizigo nimeona inafunguliwa.

Alhamisi, 14 Juni

Karara mbili zimekauka. Nyingine zimepona. Lukasi anapanda mara tatu kwa siku kuzirudisha. Nimemlaani Nampunju. Amepita hapa na ndoo ya maji, akaiweka mlangoni, akaniuliza kama naitaka kali au tamu. Mpumbavu. Nilicheka alipokwisha ondoka.

Jumamosi, 16 Juni

Rosa amekuja kuniamkia. Amekaa kidogo.

Lukasi ameleta kata ya alfajiri. Baridi kwenye meno. Povu puani. Linauma ulimi kidogo, hilo bado nalisikia, kama sindano ndogo. Mke wangu ameonja kabla yangu, akaniambia leo lina utamu zaidi kidogo kuliko jana, la mnazi wa makaburini. Nikalinywa nikilikumbuka.

Kilabuni nimemsifu Lukasi mbele ya wote, kwa sauti. Wazee wakaguna, wakanikumbusha mgema akisifiwa hufanya nini.

Na atie. Mimi sitajua.