Kisu cha Kwaro hakiendi ziwani

Jumamosi, saa kumi jioni. Kisiwa chetu cha Rusinga kimenyeshewa tangu alfajiri na sasa ndio jua linachungulia. Nina hasira. Kwa kawaida huwa nina haya tu, kwa hiyo hasira hii sijui niiweke wapi.

Ninakusanya vitu vya Kwaro, babu wa baba yangu, aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Nina vifungo vinne vya koti lake, mkanda, na bakuli la bati la jeshi ambalo Dani, bibi yangu, alipimia omena, dagaa wa ziwani, sokoni hadi nilipomwomba anipe. Shuleni wananiita Jenerali. Si kwa heshima.

Kitu kikubwa kuliko vyote ni kisu. Zamani kilikuwa panga la jeshi. Kwaro alilikata likawa fupi, akalinoa pande zote mbili, akang'oa mpini wa mbao na kutengeneza wake: ngozi ya buti, bati la ndege iliyoanguka, ngozi, bati, ngozi, bati, vimebanwa pamoja kama chapati kwenye sahani. Ukiushika, vidole vyako vinaingia katika mabonde yaliyochimbwa na vidole vyake.

Aliporudi hakukiingiza nyumbani mwake. Silaha iliyomwaga damu ya mtu hailali na watu; huleta mkosi. Kwetu hata mtoto anajua hilo. Alikichomeka chini ya paa, upande wa nje, na hapo kikabaki hata baada ya yeye kufa.

Mimi ndiye niliyekiingiza ndani.

Mwezi uliopita paa lilianza kuvuja pale pale na kutu ikaanza kula makali. Nikakipaka mafuta ya kupikia, nikakifunga kwa sweta kuukuu na kukificha kwenye sanduku langu la shule, chini ya kitanda. Sikumwambia mtu. Juzi ndama wa Baba Mdogo akafa. Leo asubuhi Baba Mdogo akaingia kwa Dani, ninakolala, akanikuta nikikipangusa.

"Akinyi! Hii kitu ya vita umekuwa ukilala nayo?"

Nikasema ndiyo.

"Na mimi nahangaika na daktari wa mifugo! Kumbe ndama yangu imemalizwa na msichana wa Form Three!"

Ndama yule alikuwa akiharisha tangu kisu kikiwa bado nje. Nilimwambia hivyo, lakini hakusikia. Amesema kesho baada ya kanisa wazee wataketi, kisha atakipeleka kwa boti na kukizamisha ziwani.

Sitadanganya hapa. Nadhani kisu kiliua. Kisingekuwa kimeua, Kwaro asingekinyima mlango. Nilikosea kukiingiza bila kumuuliza Dani, na nimemwomba msamaha. Lakini kitabu chetu cha historia kinawataja askari kama yeye kwa sentensi moja, na sentensi hiyo haina jina la mtu hata mmoja.

Kisu kina vidole vyake.

"Kwaro alikuwa mvuvi," nikamwambia Baba Mdogo. Sauti ilitoka ndogo, kama ya darasani. "Alikuwa ziwani kila siku mpaka uzeeni. Mbona yeye hakukitupa?"

Dani alikuwa akichambua mboga. Akacheka. "Mjibu mtoto, Owuor."

Baba Mdogo akanigeukia. "Hayo utayasema kesho mbele ya wazee," akasema. "Tuone kama huo mdomo utafunguka."

Ananijua. Mwaka jana, siku ya wazazi, niliitwa kukariri shairi, nikatoroka nyuma ya darasa na kukaa huko hadi watu wakaondoka. Yeye ndiye aliyekuja kunitafuta.

Nimekirudisha kisu nje, chini ya paa la jikoni, mahali pasipovuja. Hapo nje ndipo pake, nakubali. Ziwani, hapana.

Kesho wazee wakiketi, nitasimama. Sauti itatoka ndogo. Itoke. Swali langu ninalo, na nitawauliza mmoja baada ya mwingine hadi apatikane wa kunijibu.