Mzee wa Roketi na Mwaka wa Ndeke

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Magoti yanaendeleaje? Kaka Mutuku aliniambia yamekaza tena tangu baridi ianze, na kwamba ukiambiwa upumzike unatoka kwenda kupepeta ndengu uani. Sikukatazi. Najua nyumba imekuwa kubwa kwako siku hizi. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila roho bado inajikokota.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunalia wote wawili na la maana halisemwi. Mutuku akusomee polepole.

Unajua kazi yangu huku Florida ilikuwa kumtunza yule mzee, Walter, aliyefiwa na mke zamani. Nyumba yake iko karibu na mahali wanaporushia roketi. Ujanani alikuwa fundi wa mabomba yanayotia roketi mafuta, na hadithi zake zote zilikuwa za mwaka mmoja tu, ule ambao mtu wa kwanza aliizunguka dunia akiwa angani. Alikuwa Mrusi, na mzee alisema walipopata habari hizo kazini kwao watu walinuna kama waliofiwa. Wakarusha roketi zao. Nyingine zilipasuka zikaangukia baharini vipande vipande. Mwisho wa mwaka wakampandisha sokwe, akazunguka mara mbili akarudi hai. Hiyo ya sokwe aliisimulia mpaka mimi nikaijua kuliko yeye.

Siku Mutuku alipopiga kusema Baba ametuacha, nilikuwa nampa mzee uji. Nikaweka simu chini nikaendelea kumlisha. Nilimlisha mpaka bakuli likaisha, ndipo nikakaa sakafuni.

"Theo, kuna nini?" akauliza. Jina Mutheu lilikuwa halimkai mdomoni.

"Baba yangu amefariki."

"Unaondoka lini?"

"Siendi. Makaratasi yangu ya kukaa huku hayajatoka. Nikitoka sasa, sitaruhusiwa kurudi."

Alisogeza bakuli pembeni. Kisha akasema, "Niambie, alikuwa mtu wa namna gani?"

Mwaitu, tangu nije huku hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia Baba alikuwa mpole kwa mifugo na mkali kwa watu wanaomwaga chakula. Akacheka kidogo, akauliza kwa nini. Basi nikamsimulia ile habari ambayo Baba alitusimulia mara moja tu, tukiwa kwa shosho, mama yake, huko Ikutha. Kwamba alipokuwa kijana wa kuchunga mbuzi ilikuja njaa ile waliyoiita Yua ya Ndeke, kwa sababu chakula kiliangushwa na ndege. Kwamba shosho alimtuma aende na wenzake mahali magunia yalipoangukia, akarudi na mahindi ya manjano yamefungwa kwenye shuka, akiita kutoka mbali, "Mutheu! Mutheu! Nimeleta!" Na dada yake mdogo Mutheu walikuwa wameshamzika asubuhi hiyo. Ndiyo sababu nilipozaliwa Baba hakutaka nipewe jina lingine lolote.

"Huo ulikuwa mwaka gani?" mzee akauliza.

Nilipomwambia, akaweka mkono mdomoni. Ulikuwa mwaka wake ule ule.

"Yule sokwe alipita juu yenu," akasema. "Njia yake ilikata Afrika hapo kwenu. Tulikuwa tumemtengenezea mtambo wa kumpa vipande vya ndizi huko juu." Kisha akauliza, "Mtoto alikuwa na miaka mingapi?"

"Minne."

"Hatukujua."

"Mngejuaje, mzee? Shosho mwenyewe hakuwa hata na redio."

Alilia kama mtoto, na mimi niliyefiwa ndiye niliyembembeleza. Tangu siku hiyo akaanza kujifunza kuniita Mutheu. Ya sokwe hakuitaja tena.

Siku ya mazishi kwenu ilikuwa mchana, huku jua halijachomoza. Mzee aliniambia nimvalishe koti na tai. Tukaketi mbele ya simu. Lakini mtandao wa hapo nyumbani Kanyangi unaujua. Niliona viatu vya watu, nikasikia kina mama wa kanisa wakiimba, halafu picha ikaganda kwenye bega la ankoli Musyoka. Wakati wa kushusha jeneza sikuuona. Mzee alibaki amekaa wima na tai yake, akitazama bega la ankoli, mpaka nikazima.

Sasa naye ameenda, Mwaitu. Mwezi uliopita, usingizini. Nimemlilia sana, na watu wakashangaa, maana mimi kwao ni mfanyakazi tu. Kaburini tulikuwa wachache. Huku watu hawatii udongo kwa mkono, wanaondoka na kuwaachia wenye mashine. Binti yake aliponishika mkono twende, nikamwambia, "Ngoja kidogo." Nikainama nikachota udongo wao, mchanga mweupe usioshikana, nikamwagia. Nikasema kwa Kikamba maneno niliyotaka kumwambia Baba. Binti hakuuliza.

Makaratasi yametoka juzi. Yametoka baada ya yote. Nimekata tikiti, nakuja Desemba.

Nina ombi moja. Mutuku anasema fundi yuko tayari kujengea kaburi la Baba kwa simenti. Tafadhali mwambie angoje. Liache hivyo hivyo lilivyo, hata kama mvua italibomoa upande, mpaka nifike niguse ule udongo kwa mkono wangu.

Msalimie Mutuku na mke wake, umwambie asante kwa kukukamulia mbuzi. Ankoli Musyoka nasikia aliteremsha jeneza kwa mikono yake, mwambie nimeshukuru. Na kina mama wa kanisa waliolala kwako siku zile, kila mmoja mtajie jina langu.

Ni mimi mwanao, ninayekuja,

Mutheu