Kikombe cha Joha

Mlali, 14 Januari 2025

Dada Elieth,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila mama goti linamsumbua mvua ikinyesha. Alizeti zimeota vizuri. Wewe na shemeji hamjambo huko Dodoma? Simu yangu imeingia maji, ndiyo maana nampa barua Khamisi wa basi.

Dada, Joha ametimiza miaka sita. Tangu umwanzishie vile vidonge, mwezi unaweza kuisha hajaanguka. Jana nimempeleka kuandikishwa shule. Mwalimu Mazengo akamwandika vizuri tu. Ila uji ulipoanza kugawiwa, wazazi wakawapokonya watoto wao vikombe. Wanasema povu la kifafa linaambukiza, na vikombe vyote vinaoshwa beseni moja. Mwalimu akaniambia nimrudishe nyumbani kwanza mpaka nilete maandishi ya daktari.

Nikamwambia daktari ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, na ameandika makala nyingi juu ya watoto wenye kifafa. Akasema kama ni hivyo mbona rahisi, lete.

Nitumie hata moja, dada. Mtoto analala na sare.

Mdogo wako,
Aneth

Dodoma, 25 Januari 2025

Aneth mdogo wangu,

Marahaba. Huku salama, ni kazi tu. Mpe mama pole ya goti, asilale chini.

Nakutumia makala tatu. Moja ni ya utafiti tulioufanya hapo hapo Kongwa, kwa hiyo mwalimu ataona vijiji anavyovijua. Zote zinasema wazi kwamba kifafa hakiambukizi. Nisamehe kwa ufupi, kuna makala nyingine wahariri wananidai masahihisho, na nikichelewa wataitupa. Vidonge asikose hata jioni moja.

Dada yako,
Elieth

Mlali, 3 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo na makala yako haijatupwa. Huku joto, lakini tunapumua.

Mwalimu Mazengo aliita kikao cha wazazi. Makala ziko kwa Kiingereza, akawa anasoma na kutafsiri mwenyewe, jasho linamtoka. Watu wakasikiliza kwa adabu, wakapiga na makofi. Nikajua tumeshapita. Ndipo Mwanaidi, yule anayepika uji wa shule, akanyoosha mkono.

"Kuandika ameandika," akasema. "Amewahi kula naye chombo kimoja?"

Watu wakacheka, wakanigeukia mimi. Nikakumbuka Krismasi ulivyokuja na sahani yako toka mjini, ukasema tumbo limechafuka, sisi wengine tukala na Joha sinia moja. Najua tumbo halina hodi. Lakini nilichelewa kujibu, na wao wakachukua kule kuchelewa kuwa ndiyo jibu.

Sasa nifanyeje?

Mdogo wako,
Aneth

Mlali, 24 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Hamjambo? Khamisi anaapa barua alikukabidhi mkononi.

Kama nimekukwaza niambie, nitakuja nikupigie magoti. Silali vizuri. Kila basi likipiga honi natoka. Joha anakwenda kusimama nje ya uzio wa shule, wenzake wakiimba a e i o u na yeye anaimba. Jana amerudi ananiuliza povu ni nini.

Aneth

Dodoma, 1 Machi 2025

Aneth,

Hujanikwaza. Barua yako nimeiweka mezani, naisoma kila nikikaa kuandika, na sijaandika kitu.

Ijumaa nakuja. Mwambie mwalimu nitafika wakati wa uji. Mimi wasinitengee kikombe.

Dada yako,
Elieth

Mlali, 23 Machi 2025

Dada Elieth,

Shikamoo, na pole ya safari ile ya kuja na kugeuza. Mama anakusalimu, goti limepoa.

Ulipoondoka nilidhani tumepata hasara. Ulikunywa uji aliobakiza Joha mpaka chini, ukafuta mdomo kwa mkono. Gari lako halijafika barabarani, Mwanaidi akasema daktari yule kalipwa. Hata hivyo mwalimu alimruhusu Joha aingie, nyuma kabisa, dawati la peke yake.

Juzi akaanguka uwanjani. Watoto wakatawanyika. Nilikuwa shamba, nikaitwa, nikakimbia na jembe mkononi. Nikamkuta mwalimu amemlaza ubavu kama ulivyoonyesha, hakumtia kitu mdomoni. Alipozinduka akataka maji. Mwanaidi ndiye aliyekuwa karibu na ndoo. Akaangalia huku na huku, kisha akamchotea kwa kikombe chake yeye mwenyewe.

Joha alipomaliza, Mwanaidi akakishika kile kikombe akakitazama weee. Mimi nikajua anakitupa. Akakisuuza, akakipanga pamoja na vingine.

Hilo liweke kwenye makala yako, dada. Wahariri wakisema ni dogo, waje Mlali.

Jumatatu Joha anahamia dawati la tatu. Na ile sahani yako ya Krismasi uliisahau. Nafunikia mtungi.

Mdogo wako,
Mama Joha