Udongo wa Hatua ya Saba

Sista Mektilda,

Siku tuliyokuzika sikunawa mikono. Sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Desturi unaijua. Watu wakirudi kutoka makaburini wanakuta beseni la maji langoni, kila mmoja ananawa ndipo anaingia uani. Nilitupa udongo kaburini kwako kwa mkono kama wengine, lakini nilipofika langoni nilijipenyeza nyuma ya akina mama wa kwaya, mikono nimeificha ndani ya kanga. Wote walidhani nimenawa. Mimi, Anastazia, ambaye mtaa mzima wa Nsemulwa waliniita Mama Sabuni.

Sitaki ufikiri nilikudharau.

Unakumbuka nilivyoletwa kwenye chumba chako cha ushauri hospitalini nikiwa kidato cha pili, vidole vimepasuka, nimevificha chini ya daftari. Mama ndiye aliyesema yote. "Sista, mche wa sabuni unaisha kwa siku mbili. Utafikiri tunafua treni." Ulicheka, kisha ukamwomba atoke kidogo. Nikakueleza kwamba tangu tumzike bibi nilikuwa naamini kifo kimebaki mikononi mwangu, na nikimgusa mtu nyumbani atakufa. Hukushtuka. Ulisema, "Huna wazimu, binti. Una shaka isiyoshiba. Leo unaipa kata moja ya maji, kesho inataka ndoo."

Nyuma ya kalenda ya zamani ukaandika hatua saba, kuanzia ninachokiogopa kidogo. Ya kwanza ilikuwa kushika benchi la wagonjwa pale nje na kukaa bila kunawa. Ulilishika kwanza wewe. Tukakaa, na kila baada ya muda ulitazama saa yako ya kifuani ukauliza, "Woga ni ngapi sasa kwa kumi?" Tisa. Tisa. Nane. Nililia. Hukunikimbiza bombani, wala hukuniambia kwamba hakuna kitakachotokea. Baada ya karibu saa nzima nikasema tatu, nawe ukasema, "Umeona? Umeshuka wenyewe. Hatujaupa hata tone."

Mama alishindwa kunyamaza. Alizoea kuniapia, haki ya Mungu mikono yako ni safi, mara ishirini kwa siku. Ulimkataza. Ukamfundisha kujibu, "Sijui, labda," naye alijibu huku amegeukia ukutani asinione. Nilikuchukia wiki ile, Sista. Nisamehe.

Tulifika ya sita. Ya saba ilikuwa kushika udongo wa kaburi, kisha kumpakata mdogo wangu Neema bila kunawa. Ulisema hutanisukuma, siku yake nitaichagua mwenyewe. Halafu ukaugua wewe. Nilikuja wodini nikakuuliza kama utapona. Ukajibu, "Sijui, Anastazia. Labda."

Nilitoka nimekasirika. Nilipofika njiani ndipo nikaelewa kwamba hata siku hiyo hukutaka kunidanganya.

Basi niliposhika udongo wako nikajua siku yenyewe ndiyo hii. Nilipokaa tu mkekani, mama akaniwekea Neema mapajani. "Nishikie huyu, nikasaidie kusonga." Woga ulikuwa kumi. Neema akakamata kidole changu chenye vumbi la kaburi lako, akakivuta. Sikuwa na saa, nikawa natazama jikoni. Ngapi sasa? Kumi. Wakaongeza unga. Tisa. Mama mmoja akalalamika kwamba mwiko ule ni mzito kuliko mume wake, wenzake wakacheka kwa kujibana kwa sababu ya msiba. Saba. Ugali ulipoepuliwa ilikuwa nne. Yakaletwa maji ya kunawa kabla ya kula, nikanawa mara moja, kama watu wanavyonawa. Nikala.

Nilitaka kukimbia nikuambie. Nikakumbuka tuko wapi.

Neema anakimbia sasa. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mche wa sabuni unakaa wiki mbili, na mama anajisifu kwa majirani kana kwamba yeye ndiye aliyenitibu. Shaka haijahama. Inakuja inauliza, je, Neema akiugua? Naijibu, sijui, labda, naendelea kupepeta mchele.

Juzi mama mmoja wa Ilembo alikuja nyumbani na binti yake, anayerudi kushika kufuli la mlango mpaka anachelewa shule. Chumba chako bado hakijapata mtu. Mimi ninayeona haya hata kuomba chumvi kwa jirani, nilikaa na yule binti nikamwonyesha vidole vyangu vilivyopona, nikamsimulia wewe ulivyofanya. Wakati wa kuondoka aliuliza, "Na kweli unashuka wenyewe?" Nikamwambia wangu ulishuka. Tumeandika barua kwa daktari mmoja wa Tabora anayetibu shaka kama hizi, na tukijibiwa nitamsindikiza kwenye treni.

Lala, Sista. Matokeo yakiniruhusu nitasomea kazi yako ya uuguzi, na yasiporuhusu nitarudia mtihani. Kalenda ninayo. Hatua ya saba nimeiwekea alama mwenyewe.

Ila lile la beseni libaki letu wawili. Na mama akifika huko siku moja, akakuuliza kama nilinawa, mjibu kama ulivyomfundisha.

Wako,
Anastazia