Kioo Kilichosuguliwa kwa Majivu

Kanyakine, Alhamisi, 9 Julai

Kendi mwanangu,

Leo alikuja Murithi, mwenzako wa maabara, kuchukua kile kioo ulichokifunga juu ya paa la jikoni. Ulisema umekipaka utando mwembamba wa kunasa mwanga, unataka kujua kama utavumilia jua na ukungu wetu. "Baba, kisiguswe. Hata vumbi uliache." Nililiacha.

Niliogopa kumwambia. Siku ya kukuzika, kina mama wa kanisa walisafisha boma lote kwa ajili ya wageni. Walikishusha wakakisugua kwa majivu kama sufuria ya chai, kwa upendo tu. Nilipokiona kinavyong'aa, nilikaa chini. Nilidhani kazi yako nayo tumeizika.

Nilimweleza yote. Akakishika pembeni kama wewe, akakiinamisha kwenye jua. Rangi zikatokea, zambarau na kijani, kama mafuta juu ya maji.

"Mzee, utando haujatoka! Sisi hatukuthubutu kuujaribu kwa majivu."

"Aliyeupaka alilelewa na kina mama hao hao," nikamwambia.

Tukacheka. Kisha akageuka upande, akajifuta macho.

Amekizungushia gazeti, ameenda nacho Embu, kwenye maabara yenu. Wataimalizia kazi yako. Nimeshukuru, lakini jioni nilipotoka kufunga mbuzi nilitazama paani kama kawaida, na...

Misumari uliyokifungia sijaing'oa.

Wewe uliyebeba jina la mama yangu, huko uliko, unikumbuke.