Madoa Meupe Kwenye Kioo cha Baba

Baba yangu,

Tangi lako la samaki bado liko sebuleni hapa Busia, palepale ulipoliweka ulipostaafu kazi ya bandarini Mombasa. Wenzako walirudi nyumbani na makochi. Wewe ulirudi na samaki wawili wa rangi ya chungwa, konokono wa baharini kumi na wawili, na gunia la chumvi ya kuchanganyia maji.

Unakumbuka jirani yetu Mama Auma alivyochungulia? "Mzee, si konokono tunawamwagia chumvi wakufe, wasitumalizie sukuma? Na wewe ndio unawapikia nayo!" Ulicheka hadi ukakaa chini. Kisha ukamweleza polepole: vifaranga wa samaki hawa wana mdomo mdogo mno, chakula cha dukani hakiingii. Lakini mayai ya konokono yakianguliwa, viluwiluwi vyao huelea majini kama vumbi, na vumbi hilo ndilo uji wa vifaranga.

Mara mbili samaki waliangua, konokono wakawa hawajataga, na vifaranga wakafa njaa. Mara ya tatu mambo yalilingana. Mayai ya samaki yalikuwa yameanza kuonyesha macho, na kioo kilijaa mistari ya madoa meupe. Ukaenda Malaba kumzika rafiki yako.

Jumamosi hiyo jumuiya ya kanisa ilikuwa isali kwetu. Mama akaniuliza, "Watu wa jumuiya wapate kioo ikiwa hivyo?" Nikachukua kitambaa. Nilizamisha mkono majini, nikasugua kila pembe kwa ndani.

Uliporudi ulikwenda moja kwa moja kwenye tangi.

"Nani amefanya usafi?"

"Ni mimi, Baba."

"Umeng'arisha kweli," ulisema, ukaenda kuchanganya maji.

Vifaranga walianguliwa, wakaishi siku nne. Hukunigombeza, wala hukumwambia mgeni yeyote. Nimeandika gazetini habari za mpaka huu miaka mingi, za ajali, mafuriko na misururu ya malori. Hii sikuiandika: kwamba madoa yale yalikuwa mayai ya konokono, na mimi ndiye niliyeyafuta. Kukuomba msamaha nako nilikuahirisha. Ukafariki kabla konokono hawajataga tena.

Sasa wametaga, Baba. Samaki nao wameangua. Leo vifaranga wametimiza siku tisa. Nimewahesabu mara tatu, kwa sababu hawatulii: ni kumi na wanne. Sijagusa kioo tangu mwezi uliopita, na ukikaa kwenye kiti chako huwezi kuona upande wa pili.

Jana jumuiya ilisali hapa tena. Mama mmoja kutoka Matayos aliona madoa, akainua ncha ya leso yake apanguse. Mama yetu, ambaye siku ile ndiye aliyenituma, alimshika mkono.

"Wacha hiyo uchafu, dada," akamwambia. "Iko na mwenyewe."

Pumzika, Baba. Kioo ni kichafu.

Binti yako wa kwanza