Kusoma kwa Macho

Machakos,
18 Julai 2001

Kwako Mama Tariq,

Pokea salamu zangu, wewe na Tariq na wote wa hapo dukani Masinga. Natumaini kile kifua kimepoa na vumbi la huko limekuachia. Sisi ni wazima wa mwili. Roho ndiyo inachemka, na nisipokuambia wewe nitapasuka.

Ulipohama mwaka jana ulinishauri nimpeleke Mbithe wangu maktaba, kwa vile anasoma kila kitu: mabango, mikebe ya mafuta, hata gazeti lililofungiwa nyama. Ana miaka kumi na mmoja na maswali kama wakili. Basi Jumamosi nikampeleka kwenye maktaba ndogo iliyofunguliwa na kanisa moja hapa mjini. Nilimpaka mafuta mpaka akang'aa.

Tumeingia tu, akaona kibao ukutani. Akakisoma kwa sauti ya paredi: KIMYA! Watu wote wakageuka. Karani, mzee mmoja anayeitwa Ndambuki, akadhani anafokewa. Vijana wa sekondari wakacheka. Mtoto hakujua kosa lake, maana kusoma kwake ndiko huko. Akachukua kitabu cha mamba, akaketi karibu yangu, akaanza ukurasa wa kwanza kwa sauti ileile.

Ndambuki akaja akasema hapa vitabu vinasomwa kwa macho. Kwa macho! Umefungua nyumba ya vitabu halafu unamziba mtoto mdomo? Na wale waliocheka, mbona hawakuambiwa kitu? Mtoto akiuliza ni mtundu, akinyamaza ni mjinga, sasa afanye nini? Nikamwambia yule mzee abaki na kibao chake akioe, nikamkokota Mbithe hadi nje. Tangu siku hiyo hasomi. Hata pakiti ya unga hanisomei. 

Hivyo ndivyo nilivyowaambia majirani. Lakini kuna kipande nimekiruka.

Ndambuki hakutufukuza. Aliongea polepole, akatuonyesha benchi la nje kwenye baraza, akasema hapo mtu anaruhusiwa kusoma kwa sauti. Mbithe ndiye aliyemuuliza, kwa heshima kabisa, kwamba akisoma kwa macho mama atasikiaje. Chumba kizima kikanigeukia. Aiya! Nikamzaba mtoto kofi mbele ya watu, kwa kusema kweli.

Sijui kusoma, Mama Tariq. Barua zangu zote, hata ile uliyosifu mwandiko, ni mkono wa Mbithe. Nimemkasirikia mzee wa watu siku nne nzima, na mwenye kosa ni mimi.

Hata hii anaiandika yeye. Alipofika kwenye kofi aliinua kalamu akaniuliza kama aandike. Nimemwambia aandike, na aandike pia kwamba nimemwomba msamaha. Jumamosi nitarudi kumwomba Ndambuki msamaha pia, kisha nikae kwenye lile benchi. Kama Mbithe atakuja, sijui. Nimemuuliza mara mbili, hajajibu.

Nisalimie Tariq na wateja wote wanaonikumbuka. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi rafiki yako,
Wanza

Mama hajui nimeandika hapa chini. Nitaenda.
Mbithe